Gemu ya Mwizi na Lindo la Baba

Mwezi uliopita nilifungua kichupa cha mafuta ya cherehani ili nilainishe feni ya jokofu la mteja, na harufu yake ikanisimamisha. Mimi si mtu wa kusimamishwa na harufu. Nina karakana yangu Bunda, katikati ya mji, na mafundi watano chini yangu. Mashine nyingi za barafu za wauza samaki wa huku zimepita mikononi mwangu, na hakuna hata moja iliyorudi na ugonjwa uleule. Diploma yangu ya majokofu na viyoyozi nimeitundika ukutani, mahali ambapo mteja akikaa lazima aione. Nilifanya kazi Muscat miaka saba, katika maghala ya baridi ambayo wanaume waliyaingia wawili wawili kwa kuogopa mlango usije ukagoma, nami niliingia peke yangu. Nimerudi, nimejenga Makoko, nyumba inayotazama ziwa. Nayasema haya mapema ili msomaji wa rika langu ajue anaongea na nani, kwa sababu ninachotaka kusimulia ni habari ya kushindwa.

Harufu ile ilikuwa ya chumba cha Fundi Hamisi. Alikuwa fundi cherehani pale Mwigobero, Musoma, jirani na dagaa wanapoanikwa. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili na meza ya kukatia vitambaa. Ukipita chini ya nguo za watu zilizotundikwa, ukasogeza pazia la kitenge, unakuta chumba cha nyuma chenye benchi mbili, televisheni yenye kisogo kirefu, na mashine ya gemu ambayo mpwa wake alimletea kutoka Mwanza. Humo ndani mafuta ya cherehani, dagaa na jasho la watoto vilichanganyika kuwa harufu moja, na hadi leo nikiinusa sehemu yoyote vidole gumba vyangu vinataka kubonyeza kitu.

Gemu ya mpira ilichezwa kwa dakika za saa ya ukutani. Gemu nyingine zote zilichezwa kwa sheria moja ya Fundi Hamisi: ukifa, unaachia rimoti. Sheria hiyo haikumsumbua mtu mpaka siku ilipokuja sidii moja isiyo na picha, imeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Maandishi ya ndani yake yalikuwa ya Kijapani, hivyo sisi tuliokuwa darasa la nne na waliokuwa darasa la saba tulikuwa sawa, hakuna aliyejua kusoma. Tuliona mtu aliyejifunga nguo nyeusi mwili mzima, yamebaki macho. Mgongoni ana upanga. Anaruka ukuta, anaingia kwenye mji wa watu wenye nyumba za vigae, na ndani kuna walinzi. Kwa mtoto wa Musoma, mtu aliyefunika uso akaruka ukuta wa watu ana jina moja tu. Tukaiita gemu ya mwizi.

Ilikuwa ngumu kupita kiasi. Mlinzi mmoja akikuona anapiga kelele, wenzake wanakuja na panga, na wakiwa wawili umekwisha. Hatukuwa na memori kadi ya kuhifadhi mtu alipofikia, kwa hiyo kila aliyepokea rimoti alianzia mwanzo, ukutani. Wengi walikufa kabla benchi halijapata joto. Magesa, aliyekuwa madarasa mawili mbele yangu na mwenye mdomo kuliko wote, aliingia kila siku kwa mbio, upanga umeshachomolewa, na kila siku alikufa penye daraja.

"Hii gemu imeharibika," alisema Magesa. "Haiwezekani walinzi wote wakawa wakali hivi. Walinzi gani hawalalagi?"

Mimi niligundua jambo ambalo hakuna aliyeligundua pale Mwigobero. Sheria ilisema ukifa unaachia rimoti. Haikusema ukinyamaza. Basi niliparamia paa la kwanza, nikamlaza mtu wangu kwenye vigae, nikawatazama walinzi. Nilitazama mpaka wenzangu wakaanza kupiga benchi.

"Fundi, Pendo amelala na rimoti."

"Fundi, mwambie atembee."

Fundi Hamisi alikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni. "Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi mwacheni."

Nikiwa juu ya paa niliwajua walinzi wale kuliko nilivyowajua walimu wangu. Mmoja alitembea hadi kisimani, akajikuna paja, akageuka kulia. Mwingine alipiga miayo. Palikuwa na nafasi ndogo, ya kuvuta pumzi mara tatu, ambayo wote wawili walitazama pengine. Katika nafasi hiyo ulishuka, ukatambaa, ukamfikia yule wa kisimani mgongoni, ukabonyeza. Kwenye daraja hapakuwa na ujanja huo. Mlinzi wa pale hakugeuka kamwe, ilibidi kupigana naye uso kwa uso. Wenzangu walikinga walipoona upanga unashuka, na walikuwa wamechelewa. Mimi nilijifunza kutazama bega. Bega likipanda, unakinga. Panga zinagongana, cheche zinaruka, naye anayumba kidogo, na hapo ndipo unapiga. Mara ya kwanza nilipovuka daraja lile Magesa alipanda juu ya benchi ili aone vizuri. Katika mpira ukifungwa unamlaumu golikipa. Katika gemu ile nilipokufa nilijua kosa lilikuwa langu na nilijua lilikuwa wapi. Kitu kilichokuwa kigumu na bado hakidanganyi, sikuwa nimekiona kabla yake.

Sasa niseme habari za baba yangu. Alikuwa mlinzi.

Alitoka kijijini Butiama baada ya ng'ombe wa babu kuisha, akaja mjini na kitu kimoja alichokijua, yaani kulinda. Alipata lindo la mchana katika ghala la dagaa la Mama Sabina, mfanyabiashara kutoka Bunda, hatua chache tu kutoka kwa Fundi Hamisi. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kamunyonge, na kila asubuhi baba alivaa shati lake la kaki, akafunga sime kiunoni ndani ya ala ya ngozi, akaondoka kabla yetu. Nilipotoka shule nilipitia ghalani kumsalimia. Sikuwahi kumtazama akifanya kazi. Nani anamtazama baba yake akitembea?

Jioni moja nilitoka kwa Fundi Hamisi macho yakiwa bado yamejaa ile gemu, nikasimama kwenye geti la ghala, nikamwona baba akitembea kutoka getini hadi kwenye tangi la maji. Alifika, akakohoa. Akajikuna shingo. Akageuka kulia. Akarudi. Nikahesabu mara ya pili: hatua ishirini na mbili, kikohozi, shingo, kulia. Mara ya tatu, vilevile. Alikuwa yule mlinzi wa kisimani.

Msomaji atacheka, lakini naomba akumbuke alivyokuwa yeye akiwa na miaka kumi. Sikufikiri kwamba baba anafanana na mtu wa kwenye televisheni. Nilifikiri kwamba mahali fulani, juu ya paa fulani, kuna mtu amelala amenyamaza anamtazama baba yangu, kama mimi nilivyowatazama walinzi wangu. Na nilijua kinachofuata, kwa sababu nilikuwa nimekifanya mara nyingi kwa vidole vyangu mwenyewe, na nilikifurahia.

Nilimwambia wakati wa chakula.

"Baba, usigeukage kulia kila mara."

"Kulia wapi?"

"Kwenye tangi. Unatembea hatua ishirini na mbili, unakohoa, unageuka kulia. Mtu wa nguo nyeusi atakuja nyuma yako."

Baba akamtazama mama, mama akatazama ugali. "Pendo mwanangu," baba akasema, "mwizi wa dagaa havai nguo nyeusi. Anakuja na mizani, mchana, na anakuamkia vizuri."

Wakacheka wote wawili. Nililala na hasira ya mtu anayejua jambo na hakuna anayemsikiliza, na asubuhi nikaamua kumwonyesha.

Ilikuwa Jumamosi. Nilichukua kitenge cheusi cha mama, kile alichokivaa misibani, nikajifunga mpaka yakabaki macho. Upanga sikuwa nao, nikachukua mwiko wa ugali. Niliingia ghalani kwa upande wa ziwa, ambapo ukuta ulikuwa umebomoka, nikajilaza nyuma ya magunia ya dagaa. Jua lilikuwa kali na vumbi la dagaa linaingia puani, nikabana chafya kwa meno. Baba akapita. Nikahesabu. Kwenye tangi akakohoa, akajikuna shingo, nami nikatoka, nikatambaa mpaka nyuma yake, nikamgusa mgongoni kwa mwiko.

Sikuona mkono wake ukienda kwenye ala. Nilisikia tu sauti ya chuma, na sime ikasimama hewani, shubiri moja kutoka shingoni kwangu. Mtu aliyelala zizini na ng'ombe tangu utoto hageuki kama watu wengine. Uso wa baba ukawa wa kijivu. Mimi nikaangusha mwiko.

Kwenye mizani, Mama Sabina alikuwa amesimama. Alikuwa ameona yote.

"Baba Pendo," alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, "huyo mtoto yupo darasa la ngapi?"

"La nne, mama."

"La nne. Kama wa la nne anakufikia mgongoni na mwiko, wa la saba atakuja na nini?"

Baba akavua kofia. Sikuwahi kumwona akimvulia mtu kofia, hata padri. "Mama, nipe nafasi moja."

Mama Sabina alifikiri, akainama, akaokota mwiko, akanirudishia. "Jumamosi ijayo atakuja huyuhuyu. Aje ajaribu tangu saa tisa mpaka gari la mzigo lifike. Akikugusa, lindo nampa mtu mwingine. Asipokugusa unabaki, na hilo neno halisemwi tena hapa."

Tulirudi Kamunyonge kwa miguu. Nilikuwa nasubiri kipigo, na nilikuwa nimeshachagua mahali pa kukipokea. Tulipokaribia nyumbani ndipo baba alipouliza.

"Hiyo gemu yenu inachezewaga wapi?"

Jumatatu akaja. Fundi Hamisi alipomwona mlangoni alishika tepe ya kupimia. "Karibu Baba Pendo. Suruali?"

"Nataka kuwaona walinzi," baba akasema. Akafungua sime, akailaza juu ya meza ya kukatia, akapita chini ya nguo. Watoto wakabanana, wakampa nusu ya benchi.

Kwa mara ya kwanza katika chumba kile kulikuwa na mtu aliyekuwa upande wa walinzi. Magesa alipokufa darajani baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu wa darajani kazi yake anaijua. Hatembei ovyo."

"Mzee, huyu ndiye mbaya," Magesa akamwambia. "Sisi ni huyu mweusi."

"Nyinyi ni wezi, nimeona." Akanisogelea nilipopokea rimoti. Nikapanda paa langu, nikalala. Baba akawatazama walinzi wakienda na kurudi, muda mrefu, na taratibu nikaona tabasamu linamjia usoni. "Wanatembea kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji," akasema. "Njia ileile." Kisha akanigeukia: "Na mimi natembea hivi?"

"Ndiyo baba."

"Ukiwa hapo juu, unamwogopa yupi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri hivyo. Nikamwonyesha mlinzi mmoja mwenye taa, mfupi, asiye na upanga wa kutisha. "Huyu. Anasimama bila sababu. Huwezi kumhesabu."

"Bila sababu," baba akarudia, kama mtu anayekariri namba ya nyumba.

Alikuja siku tatu mfululizo baada ya kazi. Kila mara Fundi Hamisi alimwambia ajaribu naye, na kila mara alikataa rimoti. "Hiyo ni ya mwizi," alisema. Aliuliza maswali yake: mwizi anaingilia upande wa jua au wa kivuli, anasikia nini, akichoka anafanya nini. Nikamwambia mwizi mzuri hachoki, ndiyo siri yake. Hilo akalifikiria sana.

Ijumaa, mama akiwa nje anaosha vyombo, aliniita.

"Kesho uje kweli kweli. Usinihurumie."

"Ndiyo baba."

"Ukinihurumia nitajua. Na nikijua, hiyo kazi naiacha mwenyewe. Kazi ya kuhurumiwa na mtoto sifanyi."

Jumamosi ghala lilikuwa na watazamaji. Magesa na wenzake walikaa juu ya ukuta, Mama Sabina kwenye kiti chake karibu na mizani. Baba alikuwa ameacha sime nyumbani, ana rungu tu. Nilijifunga kitenge cheusi na nikaingia.

Mara ya kwanza nilikuwa bado nyuma ya magunia ya mwanzo, nahesabu, na hesabu ikakatika. Baba alisimama hatua ya tisa, akatazama ziwa, akageuka akatazama moja kwa moja nilipokuwa. "Toka," akasema. Mara ya pili nilipitia juu, kwenye mabati ya kibanda cha mizani, na nilikuwa nimeshuka nusu alipoamua, bila sababu yoyote, kurudi nyuma alikotoka. Akanishika mguu ukiwa unaning'inia. Watoto wa ukutani wakapiga makofi.

Nilikasirika, nakiri. Nilikuwa bingwa. Nilijilaza nyuma ya turubai la kufunikia dagaa, na sikuhesabu tena. Nilitazama bega. Kila alipotaka kusimama bila sababu, bega la kushoto lilishuka kidogo kwanza. Baba alikuwa amejifunza kila kitu isipokuwa hicho. Nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi, mpaka watazamaji wakaanza kuongea mambo yao, mpaka tukasikia kwa mbali gari la mzigo likibadilisha gia. Bega likatulia. Nikatoka.

Nilifika. Nataka ieleweke hivyo, nilifika. Nilikuwa nyuma yake, umbali wa mkono. Niliona kola ya shati lake, ambayo Fundi Hamisi alikuwa ameigeuza ndani nje ili upande uliochakaa usionekane, na mshono wake ulikuwa mzuri. Niliona jasho limechora ramani mgongoni. Mwiko ulikuwa juu. Kwenye gemu, hapo ndipo unapobonyeza, na vidole gumba vyangu vyote viwili vilibonyeza mti wa mwiko vyenyewe.

Karibu na mguu wangu palikuwa na debe tupu la mafuta ya kupikia. Nililisukuma kwa kisigino. Sikulipiga teke. Nililisukuma kwa kiasi cha mtu aliyeteleza.

Baba aligeuka na kunishika mwiko mkononi. "Debe," akasema.

"Debe," nikajibu.

Akanitazama kwa muda. Nilidhani amejua. Nilimtazama usoni bila kupepesa, na katika maisha yangu nimewadanganya maofisa wa uhamiaji na mabosi wa Kiarabu, ila hakuna niliyepata tabu kumdanganya kama yeye siku ile. Kisha akacheka, akaninyanyua juu na kitenge changu cha msiba, akaniweka mbele ya mizani.

"Anabaki," Mama Sabina akasema, akaenda kupokea gari.

Magesa alinipa jina la Debe papo hapo. Jina hilo nilikaa nalo mpaka namaliza darasa la saba. Kila nilipovuka daraja kwa Fundi Hamisi kulikuwa na mtu wa kusema, "Debe, angalia usikanyage," na kila mara nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza. Baba alilinda ghala lile mpaka nikamaliza chuo. Hakuna aliyewahi kuingia.

Tulimzika Butiama, kwao. Usiku wa pili wa matanga, ndugu walikaa kwenye moto wakisimuliana habari zake, na baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, akaifikia hiyo ya ghalani. Aliisimulia vizuri kuliko nilivyoisimulia mimi hapa. Alipofika mwisho aliinua kidole.

"Na msichokijua ni kwamba lile debe aliliweka mwenyewe," akasema. "Aliniambia kwa kinywa chake. Asubuhi ile alizunguka ghala lote, akasema, mwanangu ana akili, mimi nitamkosa, ila atapitia hapa. Akaliweka debe. Naye Pendo akaja akalikanyaga." Akacheka mpaka akafuta macho. "Maisha yake yote alijivunia debe lile kuliko ng'ombe."

Watu wakanigeukia. Walikuwa wananijua, walikuwa wamesikia habari za Muscat, za Makoko na za diploma, nyingi kutoka kwangu mwenyewe. Walisubiri nijitetee.

"Hata wewe mwanamke wa vyeti?" shemeji mmoja akauliza. "Ulilikanyaga kweli?"

"Nililikanyaga," nikasema. "Sikuliona kabisa."